Moshi Kwenye Mahame

Siku niliyostaafu nilirudisha baiskeli. Karani wa stoo aliikagua kama anainunua. Akabonyeza breki, akazungusha magurudumu, akaniuliza kengele iko wapi. Nikamwambia kengele ilikufa mwaka ule wa kuhamia vijijini, na tangu hapo nilikuwa napiga kengele kwa mdomo. Akaandika: kengele haipo. Ofisi iliniaga hivyo. Soda ilikuja baadaye, ya moto.

Ninyi vijana mliobaki mmeniomba niwaandikie nilivyokuwa nafanya kazi, na mmesema niandike kama ninavyoongea. Nashukuru, maana namna nyingine siijui. Niliishia darasa la nne, shule ya misheni huko Mbulu, na hilo la nne lenyewe nililisoma nusu, nusu nyingine nilikuwa nachunga ndama wa baba. Mkikuta neno limekaa vibaya, lisogezeni wenyewe. Nina wajukuu tisa, wa kwanza yuko sekondari, na ameshasema atanisahihisha. Nimemwambia ajaribu aone.

Vyeo na mishahara sitaandika. Vilikuwa vidogo, na havikunifundisha kitu.

Nilianza kazi muda mfupi baada ya Uhuru. Walitaka mwanamke anayejua Kiiraqw na Kiswahili, anayeweza kusoma, tena asiyeogopa kutembea. Wanaojua kusoma walikuwepo, na wasioogopa kutembea walikuwa tele, ila vyote hivyo kwenye mwili mmoja tulikuwa wachache. Kazi iliitwa msaidizi wa maendeleo. Mume wangu aliuliza nitakuwa namsaidia nani. Nikamjibu, Maendeleo. Akataka kujua kama huyo Maendeleo ni mwanamume.

Alikuwa mwanamke. Bibi Maendeleo wetu, mkubwa wangu wa kazi, aliitwa Bi Mwanaidi, ametoka Kondoa, Mwislamu, mjane, mwembamba kama ufito, na akitembea mlimani huwezi kumshika. Siku ya kwanza alinisikiliza naongea, akasema Kiswahili changu kina mawe. Nilipoona aibu akaongeza kwamba mawe yanajengea nyumba, niendelee tu. Alinipa daftari moja na penseli moja. Sio kalamu. Alisema mvua ya Mbulu haijui kusoma, ikikuta wino inafuta, ikikuta penseli inaacha. Penseli ile niliifunga uzi nikaivaa shingoni kama rozari. Mpaka leo navaa penseli shingoni, na padri ameshazoea.

Ulikuwa mwaka mbaya wa chakula. Kina mama wenye watoto wadogo walikuwa wamegawiwa maziwa ya unga, na ofisi ilitaka kujua kama watoto wanayanywa. Nikatumwa kijiji kimoja milimani. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza, watoto wanakunywa maziwa? Wote wakajibu ndiyo, tena wakashukuru serikali. Nikaandika "wanakunywa" kuanzia juu ya ukurasa mpaka chini, nikarudi nimeinua kichwa. Bi Mwanaidi alisoma, akafunga daftari, akasema kesho twende wote.

Tukaingia nyumba ya kwanza kwenye orodha yangu. Yeye hakuuliza kitu. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji ya kunywa, akatazama ukuta. Na mimi nikatazama. Ukuta ulikuwa mweupe, mweupe wa kung'aa, kuanzia chini mpaka pale mkono wa mwanamke unapofika.

"Ukuta wako umenona," Bi Mwanaidi akamwambia mwenye nyumba.

Yule mama alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Ndipo akaeleza. Watoto walikunywa siku mbili wakaharisha, maana hakuna aliyewaambia wachemshe maji kwanza. Kuyamwaga waliona aibu, kitu cha kupewa hakimwagwi. Wakayapaka ukutani, angalau yaonekane yametumika. Kijiji kizima kilikuwa kimepaka. Mimi nilikaa kwenye nyumba zile nikiegemea maziwa, na sikuyaona.

Tukiwa njiani kurudi Bi Mwanaidi aliniambia neno ambalo nimeishi nalo. "Ukiuliza swali lenye jibu la adabu, utajibiwa adabu. Usimuulize mtu kama anakula. Muulize jana alipika nini."

Jambo la pili alilonifundisha ni moshi. Alfajiri, kabla jua halijatoka na kabla upepo haujaanza, alikuwa ananipandisha kwenye kilima kilicho juu ya kijiji tukiwa tunatetemeka baridi. Tunatazama nyumba zinavyoamka. Kila jiko likiwashwa anafunga fundo kwenye kamba ya katani. Baadaye ndipo tunashuka kwenda kuonana na wakubwa na kupokea hesabu yao, na usiku ule ule tunalinganisha hesabu yao na mafundo yetu. Alisema mtu atakuambia nyumba yake ina watu kumi akitaka blanketi, na watu wawili akiogopa kodi, lakini moshi hautaki blanketi. Alipohamishwa kwenda Singida aliniachia ile kamba. Hakuniachia kitu kingine, na sikuhitaji.

Nikafanya kazi hivyo miaka mingi. Madarasa ya watu wazima, vyoo, visima, chanjo. Likaja Azimio, na baada ya miaka kadhaa tukaambiwa watu wote wakae katika vijiji. Sitawadanganya kwa sababu nimestaafu. Nilishiriki. Wengine tuliwahamisha kwa maneno, wengine kwa malori, na kuna mama mmoja alinitazama nikiwa nimesimama kando ya lori nimeshika orodha, mpaka leo macho yake nayajua. Mazuri yalikuwepo: shule ilikuwa karibu, na zahanati ilikuwa karibu. Lakini nyumba zilipangwa mstari mmoja kama viti vya kanisani, na yale makazi ya zamani, kila mtu na shamba lake na korongo lake, tukayaita mahame. Kwenye karatasi mahame hayana watu. Kumbukeni hilo.

Mvua nazo zikagoma. Njaa ikaja juu ya kuhama.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Ni kijiji kimoja upande wa Dirma, jina silitaji, wajukuu wa watu wale wapo na wengine wananisalimia. Nilipangiwa kutengeneza orodha ya nyumba zenye njaa ili lori la mahindi lishushe kwa kufuata orodha hiyo. Nilipewa pia mtaalamu wa kufuatana naye, kijana kutoka chuo kikuu, Ndugu Elias, mtu wa Bukoba, mwenye miwani na heshima nyingi. Kila sentensi yake ilianza na "Mama". Alikuja na karatasi za maswali, thelathini na nne kwa kila nyumba. Swali la kumi na moja liliuliza kama nyumba ina redio. Nilimshauri aliruke. Akasema Mama, haliwezi kurukwa. Kwa hiyo tuliwauliza watu waliokula mizizi kama wana redio. Mzee mmoja alijibu kwamba anayo, ipo tumboni, inaimba usiku kucha.

Tulichelewa kufika, tairi lilipasuka mara mbili, tukakuta mkutano umeshakusanyika. Kilimani sikupanda. Nilijiambia kwamba siku hizi watu wamekaa mstari mmoja, moshi wa nini? Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Bura, mtu mrefu, koti la jeshi la zamani, kiko mdomoni wakati wote. Tuliita majina kwa balozi wa nyumba kumi mmoja mmoja, watu wakanyoosha mikono, nikaandika. Zikafika nyumba arobaini na moja. Mwisho nikauliza kwa sauti, kama tulivyokuwa tunauliza kila mahali, "Wote wapo?"

"Wote wapo," Mzee Bura akajibu. Na mkutano mzima ukaitikia kwamba wote wapo.

Ndugu Elias akapiga muhuri. Lori lilikuwa lishushe keshokutwa asubuhi, kisha liendelee vijiji vya mbele, na kurudi kwake hakuna aliyejua, maana mafuta yalikuwa ya kubahatisha.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeuliza swali lenye jibu la adabu mbele ya watu mia. Alfajiri nikachukua kamba yangu nikapanda kilima. Nyumba za mstari zikaanza kutoa moshi mmoja baada ya mwingine, nami nafunga mafundo. Arobaini na moja. Nikataka kushuka nimeridhika. Ndipo nikaona moshi mwembamba sana, peke yake, ng'ambo ya korongo. Kwenye mahame.

Hapo niliwaka masikio kwa aibu, kwa sababu mimi ni Mwiraqw na nilijua mara moja ule ni moshi gani.

Kwetu kuna jambo linaitwa metimani. Nyumba ikipatwa na kifo cha aina fulani, mume akifa, au mtoto akizaliwa amekufa, watu wa nyumba hiyo wanakaa peke yao. Hawaji mkutanoni, hawachoti maji kwenye kisima cha wote, hawagusi chombo cha mtu, miezi mingi mpaka muda uishe. Sio adhabu. Ni kama mwenye surua anavyofungiwa ndani asiambukize watoto wa jirani, ila surua hii ni msiba wenyewe. Na wakiwa huko hawatajwi mbele ya watu. Kwetu tuliacha tangu baba alipobatizwa. Chama nacho kilisema mila za namna hiyo zimekufa. Zilikuwa zimekufa kwenye hotuba. Tulipowapanga watu mstari mmoja, mtu wa metimani akae wapi, ukuta kwa ukuta na mwenzake? Akarudi kimya kimya mahameni. Na niliposema "wote wapo?" wale watu hawakunidanganya. Waliotajika wote walikuwepo.

Fikirieni sasa. Njaa inaua. Nyumba iliyofiwa ndiyo yenye njaa kuliko zote. Na orodha yangu, yenye muhuri, imewaruka hao hao.

Nikashuka kilima upande wa pili mpaka ukingo wa korongo. Mwanamke akatoka ng'ambo, watoto watatu nyuma yake. Aliitwa Mama Safari, mumewe alikuwa amekufa kabla ya kiangazi.

"Simama hapo hapo, mama," akasema.

Nikasimama. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia.

"Jana mlipika nini, mwanangu?"

"Ngozi."

"Ngozi ya nini?"

"Ile tuliyokuwa tunalalia."

Mtoto wa mwisho alikuwa na miguu iliyovimba, ukibonyeza pangebaki shimo, nilijua bila kubonyeza. Nikamwambia kesho kuna mahindi, kwa nini hakutuma mtu. Akaniuliza amtume nani, na huyo akitoka kwake atarudi kwa nani. Nikamwambia basi aje mwenyewe, nitasimama naye mimi, hakuna atakayemgusa.

"Wana watoto," akasema. "Siwezi kuwapelekea watu msiba kwa ajili ya debe la mahindi."

Nilikuwa nimezoea watu wanaodanganya ili wapate. Huyu alikuwa anakataa ili wengine wasipatwe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Bura. Nikamwambia alisema wote wapo. Akasema wote wapo. Nikamuuliza habari za ng'ambo ya korongo. Akatoa kiko mdomoni, akakitazama, akasema mahame ni mahame. Ndugu Elias akasema Mama, orodha imeshapigwa muhuri. Nikaona hapa kwa wakubwa hakuna njia. Nikaenda kisimani.

Msiitishe mkutano kwa jambo ambalo haliwezi kusemwa mkutanoni. Kisimani wanawake wanasubiri maji yajae, hawana haraka, na mikono yao ina kazi, kwa hiyo midomo iko huru. Sikuwauliza kama wanakubali kuwapelekea wale chakula. Wangejibu ndiyo, kwa adabu, na kisingeenda. Niliuliza hivi: gunia likifika kule, atalichukua nani kulirudisha?

Hapo wakaanza kubishana kweli kweli. Mmoja akasema gunia halirudi. Mwingine akasema na debe la kupimia je. Mwingine akasema mpimaji asikanyage ng'ambo. Kulikuwa na bibi mmoja, Bibi Agata, mkubwa kuliko wote, meno mawili tu na yote mawili makali. Ndiye aliyelikata.

"Mahindi hayana msiba," akasema. "Chombo ndicho kinachorudi. Tafuteni chombo ambacho hakuna anayekitaka tena."

Vibuyu vilivyopasuka. Kila nyumba inavyo, vimetundikwa darini vikisubiri kushonwa na havishonwi. Wakapanga pale pale: vibuyu vibovu vijazwe, viwekwe juu ya jiwe bapa upande wetu wa korongo, mpelekaji aondoke kwanza, ndipo mwenye kuchukua ashuke. Na wabebaji wawe wanawake waliokwisha maliza kuzaa. Bibi Agata akasema yeye wa kwanza, maana msiba ukimfuata utamkuta amechoka kuusubiri. Walicheka wote, na ndoo zikamwagika.

Ndugu Elias alikuwa amenifuata, amesimama mbali kidogo kwa heshima, anaandika. Akaniuliza Mama, hii niandike kwenye safu gani. Nikamwambia aandike pembeni. Pembeni pa karatasi ndipo ukweli wa kazi hii unapoishi, vijana wangu, kwa hiyo msizijaze karatasi maswali mpaka ukingoni.

Alasiri nilikuwa nasukuma baiskeli kurudi nilikofikia. Mzee Bura akanifikia nyuma, akatembea kando yangu. Tulizungumza habari za mbegu, tukazungumza habari za punda. Halafu akasema bila kunitazama, "Mama Pauli, nasikia unahesabu moshi."

"Nahesabu."

"Mahameni ulihesabu mingapi?"

"Mmoja."

Akatembea hatua kadhaa. "Mmoja tu?"

Nikasimama. Yeye akainama, akaanza kubonyeza tairi langu, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Akasema limepungua upepo. Nikangoja. Akiwa bado ameinama akasema, "Mimi naitazama kila asubuhi. Ilikuwa miwili. Tangu juzi ni mmoja."

Nikauliza ule mwingine ulikuwa wa nani.

"Wa mtoto wangu," akaliambia tairi.

Binti yake, Monika, alikuwa amezaa mtoto mfu. Mume wake alikwenda Babati kutafuta chakula na hakuwa amerudi. Alikuwa mahameni peke yake mwezi wa nne sasa, juu zaidi ya Mama Safari. Nikamuuliza Mzee Bura, kwa ukali, Mungu anisamehe, ilikuwaje akasimama mbele ya watu na kusema wote wapo. Akanijibu taratibu. Mwenyekiti akimtaja wake, kila mtu atamtaja wake. Kisha mvua isiponyesha, watasema ni yeye aliyevunja mila. Upande mmoja alikuwa na kijiji kizima cha kulinda, upande wa pili mtoto mmoja, na kila alfajiri alikuwa anatoka nje kutazama kama huyo mtoto ameamka.

Tulikubaliana twende kesho kabla lori halijafika, maana sasa giza lingetukuta korongoni. Moshi uliokosekana siku mbili una maana yake, na mimi nilikuwa nimetembea katika vijiji vya kutosha mwaka ule kuijua.

Asubuhi tulikuwa wanne: mimi, Mzee Bura, Bibi Agata na Ndugu Elias. Mahindi ya kwanza tuliyachanga kwa wanawake wa kisimani, kila mmoja konzi moja, lori likifika warudishiwe. Bibi Agata akaweka kibuyu cha Mama Safari juu ya jiwe, akapiga ukelele mara moja, akarudi nyuma. Tukaona mtoto mkubwa anashuka, anakikumbatia kwa mikono miwili, anapanda nacho bila kukimbia. Alikuwa amefundishwa asikimbie na chakula.

Tukapanda kando ya korongo mpaka mkabala na nyumba ya Monika. Paa lilikuwa limeinama. Hakuna moshi. Mlango umefungwa. Nikaita, hakuna jibu. Bibi Agata akaita, hakuna jibu. Ndugu Elias alivua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na uchafu.

Mzee Bura akatoa kiko mdomoni. Miezi minne hakuwa amelitamka jina lile.

"Monika," akaita.

Mlango ukasogea. Akatoka amejishika kwenye mwimo, mwembamba, majivu yamejaa mikononi.

"Baba, usivuke."

"Sivuki."

Sauti ya mzee yule sitaielezea. Nikauliza mimi, kwa sababu mtu alipaswa kuuliza, na swali nilikuwa nalo moja tu.

"Jana ulipika nini, mwanangu?"

"Sikupika, mama. Moto ulizimika."

Nyie mnaowasha jiko kwa kiberiti hamwelewi. Wakati ule kiberiti dukani hakikuwepo, moto uliombwa kwa jirani, kaa moja kwenye kigae, na asiye na jirani hana moto. Mtama alikuwa nao kidogo. Alikuwa anautafuna mbichi siku tatu sasa, na kuchimba majivu kutafuta kaa lililobaki. Mimi nilikuwa nimemletea kibuyu kilichojaa mahindi makavu. Ningeyaweka pale juu ya jiwe, ningeandika "amepata", ningeondoka. Tena hata Bi Mwanaidi hakuniambia hilo, kwamba nyumba isiyo na moshi si lazima iwe haina mtu.

Tukapapasa mifuko. Ndugu Elias alikuwa na muhuri na peremende mbili. Mzee Bura akaingiza mkono ndani ya koti la jeshi akatoa kiberiti chake cha kuwashia kiko. Akakitikisa karibu na sikio. Vilisikika vijiti vichache. Akashuka mpaka kwenye jiwe la upande wetu, ambapo Bibi Agata alikuwa ameshaweka kibuyu, akakiweka kando yake, akachuma jani pana akakifunika umande usikiharibu, akaweka kijiwe juu ya jani. Zile peremende Ndugu Elias aliziweka pia, bila kuuliza safu.

"Twende," mzee akasema. "Watu wanasubiri lori."

Tukarudi. Yeye alitembea mbele na hakugeuka. Tulipofika nyumba ya kwanza ya mstari ndipo akasimama, akageuka, tukageuka wote. Ulikuwa unapanda, mwembamba, unayumba.

"Ule," akasema. Basi.

Ndugu Elias aliandika nyumba mbili chini ya muhuri kwa mkono wake, na Mzee Bura akatia sahihi mbele ya watu wote. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Wanawake wa kisimani waliangalia pembeni, kila mmoja ana kibuyu kibovu chini ya kanga. Kiko cha mzee kilikaa mdomoni mwezi mzima hakina moto, naye alikuwa anakivuta tu.

Vijiji vilivyofuata tulianza na kilima. Karibu kila mahali tulikuta moshi wa mahameni, mmoja, miwili. Wanawake wa kila kijiji walitafuta chombo chao wenyewe, mahali pengine majani ya mgomba, mahali pengine vikapu vibovu. Hatukuwaambia tumieni vibuyu. Mahali pamoja tulichelewa, na sitaandika zaidi. Ndugu Elias alifuta redio. Mahali pake aliandika mawili: jana mlipika nini, na moto unao. Alinitumia barua miaka ya baadaye kwamba karatasi ile ilitumika na katika mikoa mingine. Hakusema imetoka kwa bibi wa darasa la nne, lakini nilijua maswali yangu nikiyaona.

Mwezi uliopita nilikwenda kuaga kijiji kile. Mzee Bura sio mwenyekiti tena, macho yamekwisha, alikuwa amekaa nyuma kabisa ameegemea fimbo. Monika alikuwa mbele, na watoto wanne wamemzunguka, mmoja anamvuta kilemba. Kijana wetu wa ofisini ndiye aliyefungua mkutano. Akafungua daftari, tena ana kalamu ya wino, akauliza kwa sauti, "Wote wapo?"

Kutoka nyuma ikatoka ile sauti ya kiko.

"Waliokuja wapo."

Alikuwa akijibu hivyo kila mkutano tangu asubuhi ile, na watoto wa pale wanadhani ndivyo Kiswahili kinavyosema. Wewe kijana, unajijua. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaona ulichoandika. Uliandika wote wapo. Kamba ya katani nimeiacha kwenye droo ya meza yangu, upande wa kulia. Kesho alfajiri panda kilima.